Cannavaro na hatua mbili kabla ya kuruka

Dortmund, 4 Julai 2006, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Muda wa nyongeza unakatika. Fabio Grosso ameshaifungia Italia dakika ya 119 na Ujerumani sasa inamwaga mbele kila mpira inaoupata. Mmoja unaingia juu kwenye eneo la hatari la Italia. Fabio Cannavaro anaruka na kuutoa kwa kichwa. Kwa mabeki wengi kazi ingeishia hapo: wangerudi mstarini, wangenyoosha mkono kuwapanga wenzao, wangeiba sekunde ya kupumua. Yeye anatua na kuufuata mpira uleule alioutoa, anachomoka nje ya boksi, anamwahi Mjerumani aliyekuwa akijiandaa kuutuliza na kuupora mbele ya macho yake. Totti anauokota na kuurefusha kwa Gilardino, Gilardino anawavuta mabeki kisha anamwachia Del Piero bila hata kumtazama, na Del Piero anaukunja hadi kona ya mbali ya lango la Lehmann. Italia 2, Ujerumani 0.

Televisheni zikirudia bao hilo huanzia kwa Gilardino, maana utamu wa macho uko pale. Mchambuzi inabidi arudishe mkanda nyuma kidogo. Kwenye zile sekunde za mwanzo kuna karibu kila kitu alichokuwa nacho beki huyu mzaliwa wa Napoli. Hakuusubiri mpira, aliuendea. Na hata pale ambapo ukuta wake ulibomoka miaka iliyofuata, Madrid na kisha Afrika Kusini, chanzo kilikuwa kilekile: ama hapakuwa na mtu wa kumwendea, ama miguu ilichelewa kumfikisha.

Tuanze na kimo, kwa sababu kila mazungumzo juu yake huanzia hapo. Cannavaro ana sentimita 176 hivi. Kwa beki wa kati wa Ulaya huo ni ufupi wa kukataliwa kwenye majaribio. Katika fainali zile za 2006 alikutana na Mark Viduka wa Australia na Thierry Henry wa Ufaransa, wote wakimzidi kwa sentimita 12 hivi. Maelezo yanayozoeleka ni kwamba alikuwa na springi miguuni. Aliruka sana, sibishi. Lakini wachezaji wafupi wanaoruka sana wapo tele na wengi wao huishia kuwa mawinga. Kuruka peke yake hakutoshi kuziba pengo hilo mbele ya straika ambaye naye anajua kuruka.

Tazama mahali anaposimama kabla mpira haujapigwa. Beki wa kawaida akiona krosi ndefu inakuja humganda mshambuliaji mgongoni, kifua kwa mgongo, mkono kiunoni. Wakiruka wote wawili kutoka hapo, mrefu anashinda. Cannavaro alijiachia nafasi ya kama hatua mbili, pembeni kidogo ya mtu wake. Mpira ukishaondoka mguuni mwa mpigaji, straika hujikita chini ya mahali anapodhani utashukia, macho yakiwa juu. Hapo ndipo Cannavaro alipoingia na zile hatua mbili, akiruka kwa mguu mmoja kama mwanariadha wa kuruka juu. Mtu anayeruka kwa mwendo hupanda juu kuliko anayeruka kwa kusimama, na pengo la sentimita 12 linaanza kuyeyuka.

Sehemu inayobaki hulipwa na muda. Alipanda mapema. Mpinzani alipokuwa ndiyo kwanza anakunja magoti, yeye alikuwa ameshafika kileleni, na mtu anayeanza kupanda chini ya mwili ulio tayari hewani hukwama. Hana pa kupitia. Mkono wake wa karibu ulikuwa umefunguka usawa wa bega, ukimpa uwiano na kushika nafasi, mara nyingi bila kiwiko cha wazi ambacho refa angekipulizia. Nikiitazama tena mipira ile nagundua kwamba kichwa chake hakikuwa juu sana kuliko vya wengine. Kilikuwa juu kwa wakati ambao vya wengine bado vilikuwa chini.

Ubaya wa kuruka mapema unajulikana. Ukikosea hesabu, mpira unakupita juu ya utosi na nyuma yako hakuna mtu. Kwa hiyo mbinu hii humtaka beki asome mguu wa mpigaji na siyo mpira ukiwa tayari hewani: mwili umeegemea wapi, mguu wa kusimamia umewekwa karibu au mbali na mpira, ni pasi ya kudokoa au ya nguvu. Cannavaro alianza safari yake kabla ya wengine kwa sababu alianza kusoma kabla ya wengine. Katika fainali zile kamera zilizoko nyuma ya goli zinalionesha hili vizuri kuliko za pembeni. Unamwona anageuza nyonga kuelekea upande wa mpira wakati mshambuliaji bado ananyoosha shingo kuutafuta.

Halafu kuna ujanja ambao wachezaji wanaujua na marefa wanaukosa. Straika alipotaka kujikita chini ya mpira, Cannavaro alimgusa nyongani kidogo, mapema, wakati macho ya kila mtu uwanjani yanaangalia mpira. Mguso ule haumwangushi mtu. Unamlazimisha tu akanyage chini kwa miguu yote miwili ili asiyumbe, na mtu aliyekanyaga hivyo hawezi tena kuruka kwa uhuru. Kisha Cannavaro anajitoa, anapata hatua zake mbili, anaondoka. Tukiuita faulo tutakuwa tunakesha. Mimi nauita ufundi, na sioni haya.

Chini kwenye nyasi kanuni ilikuwa hiyohiyo. Ukabaji wa Kiitalia una mapokeo ya beki kumtangulia straika na kuupata mpira mbele yake badala ya kumsubiri ageuke, na Cannavaro aliusukuma utaratibu huo hadi ukingoni. Alisimama nusu nyuma, nusu pembeni ya mshambuliaji, upande wa ndani, mahali ambapo aliweza kumwona mwenye mpira na kifua cha mtu wake kwa mtazamo mmoja. Kiungo wa timu pinzani akiinua kichwa aliona njia ya pasi iko wazi. Iliachwa wazi kwa makusudi. Pasi ikitoka, Cannavaro ameshapiga hatua ya kwanza, na straika anayedhani anaupokea mpira anakuta mtu mfupi amepita mbele yake.

Kuna mara ambazo aliona hatawahi. Beki mwenye pupa angejirusha hivyohivyo. Yeye alisimama ghafla, akapunguza mwendo, akamrudisha mtu taratibu kuelekea mstari wa pembeni hadi wenzake wafike. Uamuzi huo wa kwenda au kubaki, unaofanywa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndio unaoeleza takwimu yake maarufu ya 2006. Mechi tano za dakika 90 na mbili za dakika 120 ni dakika 690, na alizicheza zote bila kadi hata moja. Beki wa kati. Katika fainali ambazo marefa waligawa kadi bila huruma. Kadi nyingi za mabeki hutokana na kuchelewa, na yeye karibu kila mara alichagua asichelewe au asiende kabisa.

Kwetu jina lake lilibebwa na mtu mwingine. Nadir Haroub, kitasa kutoka Zanzibar aliyekuja kuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, aliitwa Cannavaro kiasi kwamba mashabiki wengine walishalisahau jina la kwake. Jukwaani lakabu hiyo ilimaanisha beki asiyepitika, mgumu, mwenye roho ya uongozi. Ni sifa za haki kwa wote wawili. Ila ugumu ndio uliokuwa sehemu rahisi ya Cannavaro wa Italia.

Kwa maana mbinu ya kwenda mbele ina deni. Ukitoka kwenye mstari na kukosa, unaacha shimo la mita kumi katikati ya ngome. Mtu anayecheza hivyo anahitaji mwenzake wa aina fulani nyuma yake, na ukiifuata safari yake yote utaona inapanda na kushuka kulingana na nani alikuwa analipa deni hilo.

Napoli alikoanzia, alikuwa kijana muokota mipira enzi za Maradona, akaingia kikosi cha kwanza mwaka 1993 kwa mechi dhidi ya Juventus. Msimu uliofuata kocha wake pale alikuwa Marcello Lippi. Jina hilo litarudi. Mwaka 1995 klabu ikiwa na shida ya fedha ikamuuza Parma, na Parma ndipo alipokamilika. Nyuma yake langoni alikuwa Gianluigi Buffon, pembeni yake Lilian Thuram, mtu mwenye kasi ya kufuta makosa ya ngome nzima, na Muargentina Néstor Sensini mwenye akili ya kukaa mahali sahihi. Msimu wa 1998/99 chini ya Alberto Malesani walicheza na mabeki watatu nyuma, mfumo uliompa ruhusa ya kutoka kadiri alivyotaka kwa sababu daima walibaki wawili. Mwaka huo walichukua Kombe la UEFA kwa kuichapa Marseille 3-0 mjini Moscow, na Kombe la Italia juu yake.

Inter, alikokwenda mwaka 2002, ni kinyume chake. Majeraha yalimwandama, na kuna nyakati alipangwa beki wa kulia. Pembeni hakuna straika wa kumgusa nyonga. Kuna winga anayekuja kwako uso kwa uso akiwa tayari na mpira mguuni, na kipaji chote cha kuwahi kinabaki hakina kazi. Mwaka 2004 Inter walimwachia aende Juventus na wao wakampokea Fabián Carini, kipa wa akiba kutoka Uruguay. Ukitafuta biashara mbovu katika historia ya klabu ile, hiyo haitakosa kwenye orodha. Turin alimkuta tena Buffon, akamkuta tena Thuram, na kocha Fabio Capello akamrudisha katikati. Ndani ya miezi michache alikuwa beki bora Italia. Mataji mawili ya ligi waliyoyapata yalifutwa baadaye kwa kashfa ya marefa, lakini kiwango kile kilionekana na kila aliyetazama.

Sasa twende Ujerumani na Lippi, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa. Kinachonivutia katika mashindano yale ni kwamba Cannavaro alibadilishiwa mwenzake kila kukicha na ngome haikuyumba. Alianza na Alessandro Nesta, ambaye pengine ndiye mwenzake aliyemfaa kuliko wote: mrefu, mtulivu, mwepesi wa kurudi nyuma. Nesta akaumia mapema kwenye mechi ya tatu dhidi ya Jamhuri ya Czech. Akaingia Marco Materazzi, sentimita 193, mzuri hewani, mzito kwenye kugeuka, na mwenye hasira karibu. Hatua ya 16 bora dhidi ya Australia Materazzi akala kadi nyekundu dakika ya 50; Lippi akamtoa straika Luca Toni na kumwingiza Andrea Barzagli, aliyecheza pia robo fainali dhidi ya Ukraine. Nusu fainali na fainali Materazzi akarudi.

Ukilinganisha mechi hizo unaona nahodha Cannavaro akibadili mchezo wake kwa kila mtu. Akiwa na Nesta alitoka mbele bila kuangalia nyuma. Akiwa na Materazzi mgawanyo ulibadilika: mrefu ndiye aliyekwenda kugombea mpira wa kwanza, na Cannavaro akabaki hatua chache nyuma kuokota wa pili, yaani akawa yeye anayelipa deni. Akiwa na Barzagli, kijana mwenye uzoefu mdogo katika jukwaa hilo, tena Italia ikiwa na wachezaji kumi mbele ya Australia, alifanya kazi zote mbili. Viduka alikuwa mtu wa kupokea mpira na mgongo na kuwagawia wenzake. Kwa karibu dakika arobaini Australia walimtafuta, na mara nyingi Cannavaro alikuwa ameshatia mguu au kichwa kabla ya mpira kumtulia. Penalti ya Totti ya dakika za majeruhi ikamaliza.

Ninapenda pia kutaja waliokuwa mbele yake, kwani husahaulika. Gattuso alikimbia kwa ajili ya Pirlo, na kwa kukimbia huko aliwalazimisha viungo wa timu pinzani kutoa pasi upesi na kwa shida. Pasi ya haraka ya mtu aliyebanwa ndiyo chakula cha beki anayewahi. Mpe mpigaji sekunde tatu za kuinua kichwa na Cannavaro anageuka kuwa beki mfupi wa kawaida.

Katika mechi saba Italia ilifungwa mara mbili tu: Cristian Zaccardo alijifunga dhidi ya Marekani, na Zidane akafunga kwa penalti kwenye fainali ya Berlin, penalti iliyotokana na Materazzi kudaiwa kumwangusha Malouda. Hakuna mchezaji wa timu pinzani aliyewafunga katika mchezo wa kawaida. Haikuwa kwa sababu ngome haikuachia kitu. Katika muda wa nyongeza wa fainali Zidane alipata kichwa kisafi kutokana na krosi ya Sagnol, na bila mkono wa Buffon ulioupeleka mpira juu ya mtambaa wa panya huenda tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Ilikuwa mechi ya 100 ya Cannavaro kwa taifa, na ndiye aliyeinua kombe.

Tuzo ya Ballon d'Or mwaka huo ilikwenda kwake, Buffon akiwa wa pili. Kabla yake mabeki walioipata walikuwa Beckenbauer mara mbili na Sammer mwaka 1996, na tangu hapo hakuna beki mwingine. Kama ningekuwa na kura ningempa Buffon. Sababu ni hiyohiyo niliyoifuata tangu mwanzo: namna ya ukabaji ya Cannavaro iliwezekana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kipa wa aina ile.

Juventus iliposhushwa daraja, Capello alikwenda Real Madrid na Cannavaro akaenda naye. Walichukua ligi ya 2007, na ya 2008 ikaja chini ya Bernd Schuster. Watu husema Hispania alishindwa. Mataji mawili yanakataa. Ila ni kweli kwamba ngome ya Madrid ilikuwa na nafasi kubwa mgongoni, mabeki wa pembeni wakipanda wote, na umri wake ulikuwa umevuka miaka 33. Mechi inayofaa kuchambuliwa ni moja: 2 Mei 2009, Bernabéu, Barcelona ikishinda 6-2.

Siku hiyo Pep Guardiola alimtoa Lionel Messi upande wa kulia na kumweka katikati, huku Eto'o na Henry wakikaa pembeni. Lakini Messi hakusimama mahali pa namba tisa. Alishuka hadi karibu na Xavi na Iniesta. Cannavaro na Christoph Metzelder wakabaki wawili katikati bila mtu wa kumkaba. Metzelder alieleza baadaye kwamba walitazamana wasijue la kufanya: wamfuate hadi katikati ya uwanja au wabaki? Ukimfuata, Henry anaingia kwenye shimo uliloacha. Ukibaki, Messi anageuka na mpira akiwa na viungo wenzake dhidi ya viungo wako wawili tu, Lassana Diarra na Gago. Henry alifunga mawili, Messi mawili.

Watu walimlaumu kwa uzito wa miguu. Mimi naona zaidi kwamba alinyang'anywa kipimo. Beki huyu aliishi kwa kupima umbali kati ya mpira, yeye na mtu wake. Jioni ile mtu wake hakuwepo. Hakuna nyonga ya kugusa, hakuna pasi ya kuinasa kwa sababu mpokeaji yuko mita ishirini mbele, na hatua mbili za kujiandaa hazina pa kuelekea. Hata Cannavaro wa 2006 angepata tabu, ingawa naamini angepiga kelele mapema zaidi kumtaka kiungo mmoja ashuke.

Afrika Kusini mwaka 2010 ni suala jingine. Huko mtu wa kumkaba alikuwepo, miguu ndiyo haikuwepo. Kwenye mechi ya kwanza Paraguay walipiga friki-kiki kutoka pembeni, na beki wao Antolín Alcaraz akapanda juu kati ya Cannavaro na De Rossi akafunga kwa kichwa. Kwenye mipira iliyokufa anayekuja na mwendo ni mshambuliaji, na beki huupokea mpira akirudi kinyumenyume, kwa hiyo hatua mbili za Cannavaro zilikuwa za Alcaraz. Kijana angezifidia kwa kuanza mapema. Akiwa na miaka 36 alianza pamoja na mwenzake. Mechi ya pili mpira ulimgonga nyongani ukamwangukia Shane Smeltz wa New Zealand, bao jingine. Slovakia wakamalizia kwa 3-2 na mabingwa watetezi wakaondoka wakiwa mkiani mwa kundi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi yake ya 136 kwa Italia, kumi zaidi ya Paolo Maldini aliyekuwa akishikilia rekodi kabla yake. Alicheza msimu mmoja Al-Ahli ya Dubai, na Julai 2011 akatangaza kustaafu kwa sababu ya goti.